Mtoto wa Mpangaji

Gari la hospitali lilipokaribia mtaa, Fundi alikuwa ameshatoka kitambo kwenda kulisubiri konani. Alimsimamisha dereva akamsihi aliache palepale, nyuma ya duka la mbao. Mlangoni mwa gari palikuwa na maandishi makubwa ya bluu: Kitengo cha Afya ya Akili. Haya, kaegeshe gari la namna hiyo mbele ya nyumba yenye binti anayesubiri posa, uone kama kuna mkwe atakayebisha hodi. Dereva alinung'unika kwamba sanduku la barafu ni zito. Fundi akashika mpini mmoja, yeye na mgongo wake uliokwisha kwa kuinamia cherehani, wakalibeba pamoja mpaka nyumbani. Njiani jirani alipouliza kulikoni, akamwambia anawasaidia watu wa chanjo.

Mtaa mzima ulimwita Fundi kwa ajili ya ushonaji wake, na mumewe ulimwita Mizani kwa sababu maisha yake yote alikuwa akipima magunia kwenye ghala la nafaka. Mtoto wao wa kwanza, binti, alifundisha watoto wadogo, akawa Mwalimu. Wa pili, kabla hajaugua, alipanda mapaa ya watu kufunga antena na madishi, na jina la Antena likamganda hata alipoacha kupanda. Watoto wa mtaani walilipenda zaidi baada ya yeye kuugua. Walikuwa wakimkimbilia kumuuliza leo amenasa stesheni gani.

Nesi wa utafiti alikuwa mwanamke mpole, wa kueleza jambo mara mbili bila kuchoka. Walikuwa wanachunguza familia zenye mgonjwa wa skizofrenia, alisema, ili wajue ndani ya vinasaba kuna nini kinachochangia ugonjwa huo. Wangechukua damu ya mgonjwa, ya baba, ya mama na ya ndugu, ilinganishwe na ya familia nyingine nyingi. Siri ingetunzwa. Majibu ya mtu mmoja mmoja yasingetolewa, kwa sababu hakuna mtu ambaye angeweza kuyasoma yakamfaa.

Mizani akasema basi wao wanapima mzigo halafu hawamwambii mwenye mzigo kilo zake. Nesi akacheka, akakubali kwamba ndivyo ilivyo.

Mwalimu hakucheka. Alitaka kujua kama anaweza kuandikiwa hata karatasi ndogo, yenye muhuri, kwamba yeye damu yake haina kitu. Nesi akamweleza taratibu kwamba karatasi hiyo haipo duniani. Watu wengi wenye ndugu mgonjwa hawaugui mpaka wanakufa, na wengine wanaugua ilhali ukoo mzima hauna historia hiyo. Vinasaba vinaongeza uwezekano, basi, havitoi hukumu. Mwalimu akanyoosha mkono wake, akageuzia uso ukutani mpaka sindano ilipotoka. Alikuwa na miaka thelathini na tatu, na wachumba wawili walishaingia mitini baada ya kuonana na mdogo wake.

Kisha ikawa zamu ya Antena, na hapo ndipo Fundi alipoishika roho yake mkononi.

Kusikia sauti, hilo wagonjwa wengi wanalo. La Antena la peke yake lilikuwa hili: miaka minne nyuma aliamka akiwa na hakika kwamba Fundi na Mizani hawakumzaa. Mama yake, alisema, alikuwa mpangaji wa chumba cha uani. Alikufa siku ya kujifungua, na hawa wawili wakamzika kimyakimya wakabaki na mtoto. Nani alimwambia? Aliambiwa. Tangu siku hiyo akawa anamwita Fundi "mama mwenye nyumba", kwa adabu zote, shikamoo kila asubuhi, na kila mwisho wa mwezi akaweka vijisenti juu ya cherehani, kodi ya chumba. Fundi alilia, alionyesha picha, alimleta mpaka mkunga aliyemzalisha aje aape. Antena alimsikiliza mkunga mpaka mwisho, akamuuliza amelipwa kiasi gani.

Sasa alikuwa ameketi mbele ya nesi, mkono umekunjwa kifuani.

"Hiyo damu inaweza kusema nani amenizaa?" aliuliza.

Nesi akafikiri kidogo. Akamwambia kwamba maabara huanza na hilo kabla ya jambo lolote: wakikuta watu wanaojiita baba, mama na mtoto hawahusiani, damu yao huwekwa pembeni, haifai kwa kazi. Antena akaukunjua mkono, akaupandisha mwenyewe mkono wa shati.

---

Miezi ikapita. Antena alikuwa akienda kliniki kuchomwa sindano yake, na kila akienda alimuuliza nesi swali lilelile. Nesi hakuruhusiwa kusema zaidi ya jambo moja, na hilo siku moja akalisema: damu ya familia yao imepokelewa, haikuwekwa pembeni, wameingizwa kwenye utafiti.

Antena alirudi nyumbani akakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, hakula, hakuongea. Mizani aliogopa, akaficha visu. Kesho yake jioni Fundi alikuwa akishona gauni la mteja, kelele za cherehani zimejaa chumba, akahisi mtu amesimama nyuma yake.

"Mama," Antena alisema, "nimekusumbua sana."

Fundi hakuthubutu kugeuka. Aliogopa akigeuka kitu kitavunjika. Aliendelea kushona, akaushona mkono wa gauni nje ndani, na baadaye alilazimika kuufumua wote. Usiku ule alimwambia mumewe kwamba hata akifa kesho, hamdai Mungu kitu. Mzee wa watu akalia kama mtoto.

Mwalimu naye alifurahi, tusimsingizie. Siku zile alikuwa na furaha yake mwenyewe. Alikuwa amepata mchumba wa tatu, mpimaji wa ardhi, kijana mtulivu aliyemkuta Antena nyumbani, akamsalimia, akapiga naye soga, na bado akarudi. Na tumboni mwa Mwalimu palikuwa na mimba ya miezi mitatu, ambayo kwa wakati huo watu waliojua ni watatu tu, mama yake, mchumba na yeye.

Kilichotia mchanga ni redio. Mama wa mchumba alimsikia daktari mmoja akieleza habari za vinasaba na magonjwa ya akili. Daktari alieleza vizuri, lakini yule mama alisikia neno moja tu, damu. Akakumbuka kwamba kwenye nyumba ya huyo binti kuna kijana ambaye hayuko sawa. Akauliza huku na huku, na mtu akamwambia kuna siku gari la hospitali liliegeshwa nyuma ya duka la mbao. Ujumbe ukaja kwamba kabla ya kupanga tarehe yoyote, yeye na shemeji yake, mkubwa wa familia, wangependa kuja kuongea na wazazi.

Usiku huo walikaa watatu jikoni, mlango umefungwa. Mizani alisema waambiwe ukweli, kama nesi alivyoueleza, kwamba hakuna hukumu kwenye damu. Mwalimu akamuuliza baba yake anadhani yule mama atakaa kusikiliza habari za uwezekano. Wale wawili wa kwanza walielezwa ukweli, wako wapi?

"Semeni si wenu," alisema.

Fundi alidhani hakusikia vizuri.

"Semeni mlimlea tu. Mama yake alikuwa mpangaji wa chumba cha uani, akafa kwenye uzazi, mkamwonea huruma. Kisa si kipo tayari? Yeye mwenyewe amekisimulia miaka minne, mtaa mzima unakijua. Wakienda kuuliza watakuta hichohicho."

Mizani alisimama akasema hilo halitoki mdomoni mwake. Fundi akasema afadhali akatwe ulimi. Walikataa siku ile, wakakataa na kesho yake. Lakini Mwalimu alikuwa akitapika kila alfajiri bafuni, na ukuta wa bafu na ukuta wa chumba cha Fundi ni mmoja. Siku ya tatu binti alitoka humo akifuta mdomo, akamkuta mama yake amesimama koridoni na taulo.

"Mama, hivi wewe umezaa mtoto mmoja tu?" alimuuliza.

Hakupandisha sauti. Fundi alimpa taulo, akarudi chumbani kumwamsha mumewe.

---

Wageni walikuja Jumapili mchana. Antena aliombwa akae chumbani kwake, akakubali bila neno. Alisema anaelewa, mambo ya posa yana wenyewe. Ila alipiga shati lake pasi mapema asubuhi, akavaa, akakaa kitandani wima asilikunje, endapo wangependa kumsalimia.

Mama mkwe mtarajiwa aliketi ukingoni mwa kochi, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri jina lake liitwe. Fundi alileta chai. Yule mama akashukuru, akachukua kisahani akakifunika kikombe, na kikombe kikabaki hivyo. Mwalimu aliona, Fundi aliona, Mizani akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Shemeji yake alikuwa karani wa mahakama aliyestaafu, mtu mfupi, msafi, wa kuuliza na kusubiri jibu. Waliongea habari za mvua, za barabara, za kijana wao alivyotulia. Kisha Karani akaweka kikombe chini.

"Mtaniwia radhi," alisema. "Mimi nimeandika mashauri ya watu maisha yangu yote, kuzunguka sijui. Yule kijana ni wenu wa kumzaa?"

Walikuwa wamekubaliana kwamba Mizani ndiye atakayejibu, maana neno la mwanamume lingekuwa na uzito. Mizani akafungua mdomo, kikohozi kikamshika. Alikohoa mpaka macho yakatoka machozi, akaashiria kwa mkono kwamba mkewe aendelee. Fundi akaona jamaa amemwachia msalaba.

"Hapana," alisema. Akasimulia habari ya mpangaji. Alishangaa jinsi ilivyotoka kwa urahisi, chumba cha uani, uchungu ulioanza usiku, mtoto aliyebaki. Ilikuwa ni kama anasoma mahali. Kila neno alikuwa ameshalisikia mara mia kutoka kwa mwanawe, na kila mara alilikanusha kwa machozi.

Karani alisikiliza akiitikia kwa kichwa. Lakini wakati wa kuingia, alisema, aliona uso wa kijana dirishani, na ule uso na wa mama mwenyewe paji moja, pua moja.

"Watu wakiishi pamoja hufanana," Fundi alisema.

"Inawezekana. Sasa mngemwita tumwone. Sina ubaya naye. Nataka kumsikia tu."

Hawakuwa na pa kukimbilia. Mwalimu akaenda kumwita, na mlangoni alimnong'oneza asiseme mengi. Antena akaingia na shati lake lililonyooka, akatoa shikamoo kwa kila mmoja, akakaa kwenye kigoda kando ya kiti cha Fundi. Karani akamsemesha taratibu kama anavyosemeshwa shahidi mtoto. Anaendeleaje? Anaendelea vizuri. Anafanya kazi? Ameanza tena kidogokidogo, juzi amefunga dishi la jirani. Na hapa nyumbani anaishi na nani?

"Na baba na mama."

"Waliokuzaa?"

Antena akatabasamu. Kama kuna swali alilokuwa tayari kulijibu, ni hilo, na alifurahi kulijibu mbele ya watu wa heshima, siku ya dada yake.

"Walionizaa," alisema. "Mimi nilikuwa nimekataa, nikawatesa sana hawa wazee. Nilidhani mimi ni mtoto wa mpangaji. Ulikuwa ugonjwa. Lakini damu imepimwa, mzee wangu." Akaweka mkono begani kwa Fundi. "Huyu ndiye mama yangu."

Mama mkwe alivuta mkoba wake karibu na tumbo. Karani alimtazama kijana, akamtazama Fundi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ya mahakamani.

"Damu imepimwa kwa nini?"

Saa ya ukutani ilikuwa imesimama tangu mwaka juzi, lakini Fundi angeapa aliisikia. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, mkono juu ya tumbo, hana hata habari kwamba ameuweka hapo. Alimkazia mama yake macho makavu. Fundi akaushika ule mkono wa Antena uliokuwa begani mwake, akauondoa polepole, akaurudisha kwenye paja la mwenyewe.

"Ndio ugonjwa wake huo," alisema. "Anadhani sisi ndio tuliomzaa."

Antena alicheka kidogo, cheko la mtu anayengoja utani uishe. Haukuisha.

"Baba?" alisema.

"Mwanangu," Mizani alianza, kisha akajisahihisha. "Kijana. Nenda kapumzike."

Antena akamgeukia dada yake. Mwalimu hakumpa hata nafasi ya kuuliza. Alimwambia watu wa hospitali walikuja kumchoma sindano tu, hakuna damu iliyopimwa. Akamwambia kwamba mama yake alikuwa mpangaji wa chumba cha uani, na akasema, "Si ulikuwa unajua mwenyewe?"

Antena akainuka. Alinyoosha shati lake sehemu ya tumboni, ingawa halikuwa na mkunjo.

"Samahanini kwa usumbufu," aliwaambia wageni. "Mimi huwa nachanganya." Akatoka, akaufunga mlango taratibu asiupige.

Sebuleni watu walipumua. Mama mkwe alikuwa na machozi. Akasema dunia ya leo kupata mtu wa kulea mtoto wa mwenzie, tena mgonjwa, mpaka amwone ni mama yake kabisa, roho ya namna hiyo haipatikani. Akasema mtoto aliyelelewa na mwanamke kama huyu, yeye atampokea kwa mikono miwili. Kisha akakiondoa kisahani juu ya kikombe, akainywa chai ikiwa imeshapoa, akaimaliza yote. Tarehe ikapangwa.

---

Mizani na Mwalimu walitoka kuwasindikiza wageni mpaka getini. Fundi alisema anaondoa vyombo. Hakugusa chombo hata kimoja. Alikwenda moja kwa moja mpaka chumba cha Antena, akabisha hodi, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Antena alikuwa amekaa kitandani. Alipomwona akasimama, akamsogezea kiti kimoja kilichokuwepo, kama unavyomfanyia mgeni. Fundi hakukaa. Maneno yalimtoka yote kwa mkupuo. Amesema uongo. Wale wangevunja uchumba, dada yake ana mimba, asingepata mwingine tena. Antena ni mwanawe, amembeba tumboni, amemnyonyesha, ile damu ni kweli imepimwa kama nesi alivyosema. Amsamehe, ni uongo wa siku moja tu.

Antena alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuonyesha hasira, na Fundi angetoa chochote aione hasira hiyo.

"Nani mwingine amesikia?" aliuliza.

"Amesikia nini?"

"Haya unayosema sasa hivi. Nani mwingine ameyasikia?"

"Tuko wawili tu, baba."

Antena akatikisa kichwa taratibu. Akamweleza, kwa upole uleule aliokuwa akiwaeleza wateja jinsi ya kugeuza dishi, kwamba kliniki wamewafundisha. Ukisikia jambo ukawa huna hakika nalo, angalia kama kuna mwingine amelisikia. Kama umelisikia peke yako, hata liwe tamu namna gani, usilifuate. Yeye amelishika somo hilo, ndilo lililomtoa alikokuwa.

"La sebuleni tumelisikia sote," alisema. "Hata wageni. Hili nalisikia peke yangu." Akafikiri. "Kama ni la kweli, waite waje walisikie."

Dirisha la chumba kile linatazama getini, na lilikuwa wazi. Wageni hawakuwa wameondoka. Karani alikuwa ameshika mlango wa gari akisimulia kisa fulani cha mahakamani, na mama mkwe alikuwa amemshika Mwalimu mkono, hauachii. Mwalimu alikuwa akicheka. Fundi hakukumbuka mara ya mwisho kukisikia kicheko hicho. Hata kwa sauti ya kawaida, sauti ya kumwita mtu aje ale, wangemsikia wote.

Fundi alikwenda dirishani. Alisimama hapo, ameshika nondo. Nyuma yake Antena alikuwa amesimama vilevile, akisubiri, na usoni mwake, Mungu shahidi, palikuwa na matumaini.

Akalifunga dirisha. Kisha akarudi, akapiga magoti mbele ya mwanawe, akamwambia tena kwamba yeye ndiye aliyemzaa, kwa sauti ya chini kabisa, wasije wakasikia.